Divai Nyeupe ya Mama Eulalia

Hapo zamani, watu walipokuwa wakimwogopa liwali kuliko radi, palikuwa na familia moja katika nchi ya Galisia, upande ule wa Uhispania unaonyeshewa mvua mwaka mzima. Mkubwa wa nyumba alikuwa mjane, jina lake Mama Eulalia, naye pamoja na wanawe na wakaza wanawe walilima mizabibu na kukamua divai nyeupe. Divai hiyo ilikuwa baridi kama maji ya kisima, tena ina ukali mwembamba kama wa ndimu, hata mtu akiionja mara moja ulimi humsumbua mpaka aongeze.

Katika nyumba hiyo alikuwako maskini mmoja aitwaye Telmo. Hakuwa ndugu wala kibarua. Alikuja siku moja kujikinga mvua, na kwa kuwa mvua ya huko haina mwisho, akakaa. Watu walimwita mpumbavu, naye hakuwabishia, kwa sababu mpumbavu haagizwi kazi ngumu.

Basi liwali wa nchi ile, Don Baltasari, aliipenda mno divai ile, ikawa kuinunua hakumtoshi. Alilitaka shamba lenyewe. Lakini kumnyang'anya mjane bila sababu ni aibu, basi akatafuta sababu. Akamwita Mama Eulalia barazani, akainua bilauri mbele ya dirisha.

"Hii ni nini?"

"Divai nyeupe, bwana mkubwa."

"Nyeupe ni shati langu. Hii ina rangi ya majani makavu. Umewauzia watu wangu uwongo miaka yote hii. Jumapili uniletee divai nyeupe kama shati hili, na usipoileta, shamba ni langu."

Mama Eulalia akarudi nyumbani akilia. Wanawe wakajaribu kutia maziwa katika divai, yakaganda yakawa mabonge. Wakajaribu chokaa, mbwa akainusa akaondoka zake. Jumamosi, wote walipokuwa wamekaa kama wafiwa, Telmo akasema, "Mama, kesho niache niende mimi."

"Wewe, mwanangu? Utamwambia nini?"

"La kipumbavu, Mama. La akili mmekwisha kulijaribu."

Wakampa chupa ya divai ileile, naye akaomba na sindano. Njiani aliikumbatia chupa kifuani, maana alijua shamba likienda, naye atarudi mvuani.

Barazani watu walikuwa wamejaa. Mnadi akapaza sauti kama afanyavyo kila Jumapili: "Simameni! Anaingia Don Baltasari, mtu wa ukoo bora, mwenye damu ya buluu!" Kwani wakubwa wa nchi ile walijisifu kwamba damu yao ni ya buluu, si nyekundu kama ya wachunga mbuzi.

Liwali akaketi, akamtazama Telmo. "Iko wapi divai nyeupe?"

"Ninayo hapa, bwana wangu," Telmo akasema, akapiga magoti. "Lakini sisi ni watu wa shamba, mambo ya rangi hatuyajui sawasawa. Nimekuja na sindano. Nakusihi unipe tone moja la damu yako ya buluu, nikajifunze jinsi jina na rangi vinavyolingana katika nyumba ya wakubwa. Kadiri damu hiyo itakavyokuwa buluu, ndivyo divai yetu itakavyokuwa nyeupe."

Wakubwa waliokuwa karibu wakaficha vidole vyao ndani ya mikono ya majoho.

"Hayo ni maneno ya heshima tu," liwali akasema. "Ndivyo walivyosema wazee wetu."

"Na wazee wetu sisi, bwana, walisema divai nyeupe."

Uso wa liwali ukaanza kuwiva, mwekundu toka shingoni hata masikioni. Telmo akamtazama kwa huruma, kisha akairudisha sindano mfukoni.

"Basi hakuna haja ya kukuchoma, bwana wangu. Damu imekwisha kupanda yenyewe, na kila mtu anaiona rangi yake."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na wa pili akashindwa kujizuia, mara baraza zima likaangua kicheko. Liwali akawatazama. Mtawala akichekwa ana njia mbili, kukata vichwa au kucheka pamoja nao, na vichwa vya siku ile vilikuwa vingi mno. Basi akacheka. Akaitaka ile chupa, akanywa, akafumba macho kwa utamu wake, akasema mbele ya wote kwamba divai ile ni nyeupe na shamba ni la Mama Eulalia, yeye na wajukuu zake.

Kisha, ili aonekane mkarimu, akavua joho lake akamtupia Telmo. Telmo akaligeuza huku na huku penye mwanga wa dirisha.

"Bwana wangu," akauliza, "joho hili tuliite la rangi gani?"

"Liite utakavyo," liwali akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "ilimradi ukalitaje huko nje."