Muhanga na Kosa Lisilotajwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo za kale aliishi Muhanga, mchimbaji mashimo. Pua ndefu, masikio marefu, kucha kama majembe. Alichimba, chaka-chaka, chaka-chaka. Alikuwa na mke na mtoto wa siku tano. Nchi ilikuwa kavu, limebaki bwawa moja tu, na wanyama wote walikunywa hapo.

Asubuhi moja akaja Hondohondo, tarishi wa baraza. Akagonga kwa mdomo, ko ko ko.

"Muhanga, unaitwa barazani. Umeshitakiwa."

"Kwa kosa gani, ndugu yangu?"

"Unajijua mwenyewe."

"Nimelifanya lini? Wapi?"

"Unajijua mwenyewe," akasema Hondohondo, akaruka zake.

Muhanga akaketi chini. Akafikiri mpaka kichwa kikamuuma.

"Mume wangu, huna kosa," mkewe akamwambia. "Nenda ukajitetee."

"Nitajiteteaje, na sijui najitetea nini?"

Mkewe akamwinamia mtoto.

Muhanga akaenda barazani. Wanyama wamejaa tele. Mwamuzi alikuwa Mzee Nyati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jitetee."

"Nijitetee kwa lipi, mzee wangu?"

Baraza zima likaitikia: "Unajijua mwenyewe!"

Maskini, akaanza kujipekua.

"Labda ni wale mchwa wa Fungo. Niliwala kwenye kichuguu chake bila kupiga hodi."

"Amekiri," akasema Hondohondo.

"Labda ni lile shimo. Sikulifukia, mtoto wa Swala akateguka mguu. Lakini nilikwenda kuomba radhi."

"Amekiri la pili."

"Labda... nilichota maji kabla ya wazee. Mke wangu alikuwa na uchungu wa kujifungua."

"La tatu."

Jamani, mmeona wapi mtu akijitafutia kamba ya kufungwa? Lakini ndivyo alivyofanya, kwa woga. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, na wewe unayecheka hapo nyuma pia.

Mzee Nyati akasimama.

"Aliyefanya hayo yote, la nne litamshinda nini? Muhanga ndiye aliyebomoa ukingo wa bwawa siku ile ya upepo mkubwa, maji yetu yakamwagika. Aondoke na watu wake. Avuke mbuga kavu, asirudi."

Muhanga akainua pua. Ndiyo kwanza alisikie kosa lake.

"Siku ya upepo mkubwa? Mzee, siku ile nilikuwa kwako kutwa nzima. Mama yako alikuwa amefariki. Nilimchimbia kaburi kwa kucha hizi. Ulinishukuru mwenyewe, huku unalia."

Nyati akatazama kwato zake. Alikumbuka. Kila mtu aliona kwamba amekumbuka.

"Ungesema mapema," akasema.

"Ningesemaje, mzee, na siku sikutajiwa?"

"Hukumu imeshatoka."

Basi. Wakaondoka mchana ule ule, jua linawaka. Mbugani mtoto alilia siku moja. Siku ya pili hakulia. Muhanga akachimba shimo dogo, chaka-chaka, polepole, na mkewe akageukia pembeni.

Na aliyebomoa ukingo? Hakutafutwa tena. Alikuwepo palepale barazani, na jioni alikwenda kunywa maji pamoja na wenzake.

Sikieni, wakubwa kwa wadogo. Ukimshitaki mtu, mtajie kosa, siku na mahali, kabla hujamwambia ajitetee. Ukimnyima hayo umeshamhukumu, na ukweli ukija baadaye haumsaidii kitu.

Hadithi yangu imeishia hapo mbugani, kwenye kale kashimo. Msiniombe niirudishe nyuma, nimejaribu mara nyingi, hairudi.