Diski Iliyokufa na Wazee wa Chemchemi

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, mnisikilize.

Kule milimani Upare palikuwa na dada anaitwa Namkunda, katibu wa kamati ya maji ya kijiji chao. Dada huyu alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Kasha alilitoa kwenye mashine iliyotupwa, kioo alipewa na binamu yake, na diski ya kutunzia mafaili ilikuwa imeshatumika kwa mtu mwingine. Watu walimcheka. Ikawaka.

Sasa mfanyabiashara mmoja akazungushia uzio chemchemi ya kijiji, akasema ni mali ya ukoo wake tangu babu yake. Namkunda hakubishana naye. Alichukua simu, akapita nyumba kwa nyumba, akawarekodi wazee kumi na tisa wakieleza ni nani aliyechimba mfereji na mpaka ulipita wapi. Sauti zote akazihamishia kwenye ile kompyuta, na kwenye simu akazifuta apate nafasi. Wazee wakashusha pumzi. Wakasema mambo yameshahifadhiwa, wakarudi mashambani. Wala hakuna aliyepanga kwenda kwenye baraza la ardhi, kamati ilikokuwa imefungua shauri.

Siku tano kabla ya shauri kusikilizwa, mashine ikaanza kugoma. Inawaka, inaganda, na ndani panagonga tik, tik, kama mtu anayegonga kucha mezani. Namkunda akafungua kasha. Akabadilisha waya wa diski, ikaganda. Akauchomeka kwenye tundu jingine, ikaganda. Akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, akaifuta vumbi, akairudisha. Akaazima hata kile kisanduku cha kuingizia umeme kutoka kwenye kompyuta ya jirani. Bado. Mwishowe akaichomoa diski yenyewe, akaipeleka mjini kwa fundi, na kwenye mashine ya fundi nayo ikagonga vilevile. Hapo akajua ugonjwa uko palepale penye sauti za wazee.

Fundi alimshauri aachane nayo, kwa sababu kila inapowashwa inazidi kujimaliza. Namkunda akamwuliza inaweza kuwaka mara ngapi tena.

"Labda mara moja, dada."

"Basi tuitumie hiyo moja."

Akaketi pale akihamisha faili moja moja, hakuinuka hata kunywa maji. Zikatoka nne. Ya tano ilifika nusu, diski ikanyamaza kabisa.

Nne kati ya kumi na tisa. Ninyi mngefanya nini? Mimi ningejificha. Yeye alilia njia nzima, halafu akanawa uso akapita tena zile nyumba zote, akaeleza kilichotokea bila kujitetea. Wapo waliomlaumu. Lakini bibi mmoja, mjane wa yule aliyechimba mfereji, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza shauri ni siku gani.

Siku ikafika. Mfanyabiashara alikuwa ameshapata habari. Akasimama mbele ya baraza, akasema kwa upole kabisa kwamba wenzake hawana ushahidi, mashine yao imeharibika. Mwenyekiti akamgeukia Namkunda.

"Ni kweli, mheshimiwa mwenyekiti. Diski imekufa," akasema. "Waliosema wako hai. Wako hapo nje."

Wakaingia wote kumi na tisa, wengine kwa fimbo, mmoja amebebwa kwenye kiti. Yule bibi akatangulia kusema. Alisema yale aliyorekodiwa, halafu akasema yale ambayo hakuwahi kumwambia Namkunda: kwamba babu wa huyu mfanyabiashara alifika kwao kama mgeni, akaomba ruhusa ya kuteka maji, na ndoo aliazimwa na yeye bibi. Alisema hayo akimtazama yule mtu usoni. Alipochukua muda mrefu, mwenyekiti akamwomba aketi apumzike.

"Nimekaa vya kutosha, mwanangu," bibi akasema, akaendelea.

Uzio uliamriwa kung'olewa.

Sasa niwaambie, hata mkininunia. Sisi ushuhuda wetu tumeuweka wapi? Kwa mchungaji. Kwa kwaya. Ukiulizwa kazini kwa nini hutaki kutia saini uongo, unajibu, "Njoo Jumapili umsikilize mchungaji wetu." Na mchungaji akiugua? Akihamishwa? Akinunuliwa? Msicheke, wapo walionunuliwa. Wanaodhulumu wajane katika mtaa huu wanatulia kwa sababu wanajua anayesema hapa ni mmoja tu, na mmoja ni rahisi kunyamazishwa. Sikubali. Msikubali na ninyi. Haki aliyokutendea Mungu uliiona kwa macho yako. Kwa nini niwe mimi wa kuisimulia?

Leo sala ya kufunga siiombi mimi. Mama, wewe wa benchi la nyuma kabisa, miaka sita unaabudu hapa na sauti yako hatuijui. Simama. Tunakusikiliza.