Tanuri la Mzee Jagdeo

Ardhi ya Seaqaqa, bonde la wakulima wa miwa kisiwani, ni nyekundu na chachu, ardhi ya kumvunja mkulima moyo. Mvua huosha rutuba, jua huchoma kilichobaki, na miwa hudumaa kama mtoto aliyekosa maziwa. Hata hivyo, shamba la Mzee Jagdeo lilikuwa limesitawi, na kila aliyepita njia ile alijua sababu. Majani makavu ya miwa ambayo wenzake waliyatia kiberiti papo hapo shambani, yeye aliyakusanya. Matawi ya misonobari yaliyoachwa msituni na wakata mbao, yeye aliyabeba. Vyote aliviingiza katika tanuri lake la udongo, akaunyima moto hewa, vikaiva taratibu hadi vikawa makaa mepesi. Makaa hayo aliyasaga, akayachanganya na samadi ya kuku, akayazika shambani. Gesi ya tanuri nayo aliielekeza kwenye kibanda ambako majirani walikaushia manjano na mizizi yao ya yaqona, ile ya kutengenezea kinywaji cha heshima.

Hakuwa mchoyo. Aliyetaka gunia alipewa, na aliyetaka kujifunza alifundishwa. Jina lake likavuma hadi mjini Labasa.

Mungu alimjalia mwana mmoja tu, Roneel. Mama yake alifariki mtoto angali ananyonya, na mzee akamlea kama yai. Kazi ngumu ilipotokea, baba aliifanya. Kijana alipokosa, baba alimtetea. Roneel akakua akipenda sifa za tanuri lakini akiuchukia moshi wake.

Siku zikapita, moshi ukamdai mzee kifua chake. Daktari akamkataza kabisa kulikaribia tanuri. Jagdeo akamwita mwanawe barazani.

"Kazi sasa ni yako, mwanangu. Ila usije ukatia humu nguzo zile za rangi ya kijani zinazotupwa kando ya karakana ya mbao. Zimelowekwa kwenye sumu. Mchwa mwenyewe anazikimbia, sembuse mtu?"

"Baba, umeniambia mpaka masikio yameota sugu," Roneel alijibu huku akicheka.

Mwanzoni aliyafuata maagizo. Lakini kukusanya majani ya miwa kunachubua mikono, na matawi ya misonobari yako mbali, mlimani. Nguzo zile za kijani zilikuwa zimelala kando ya karakana, kavu, hazina mwenyewe. Basi akaanza kuchukua moja moja, na mwishowe akazijaza kwenye mkokoteni. Tena hakuwa na subira ya kuufunika moto. Aliuacha ule utakavyo, kisha akazoa kilichosalia na kukitia kwenye magunia.

Sakiusa, jirani wa bondeni, alipokuja kuchukua lake alimtania mzee. "Kumbe mwanao ana mkono mwepesi kuliko wewe! Wewe ulikuwa unatupanga foleni kama wagonjwa wa hospitali!"

Mzee alitabasamu kwa fahari. Hata hivyo jicho lake liliangukia mdomo wa gunia.

"Roneel, mbona jivu jingi hivi?"

"Matawi ya mwaka huu ni makavu mno, Baba."

Mzee alitamani kuamini, akaamini.

Jivu la nguzo zile lina ladha ya chumvi. Sakiusa aliliegesha gunia karibu na zizi, na maksai wake wawili wakalilamba. Kulipopambazuka aliwakuta wamelala ubavu, povu limewatoka, macho yamegeuka. Jua halijapanda sana, wote wawili wakawa mizoga. Mkewe alipiga mayowe kama aliyefiwa. Afisa mifugo alipoitwa, alilimwaga lile gunia chini. Kikaanguka kipande cha nguzo kisichoungua vizuri, kiini chake kijani. Watu wote wakageuka kumtazama Jagdeo, aliyekuwa amekuja na mwanawe baada ya kusikia mayowe. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hizi nguzo umezitoa wapi?" alimuuliza mwanawe walipofika nyumbani.

"Zilikuwa zimetupwa tu. Si wewe uliyenifundisha kwamba hakuna taka duniani?"

"Nilikukataza, Roneel!"

"Ulikataza ukiwa umekaa barazani, Baba! Mgongo uliokuwa ukiuma ni wangu. Na hao ni ng'ombe tu, hawakufa watu."

"Na Sakiusa sasa atalima kwa kitu gani? Kwa meno?"

Roneel aliingia ndani. Alifunga nguo zake, akapanda basi la kuelekea bandarini ili avuke bahari kwenda Suva, mji mkuu ulio kisiwa kingine. Hakuaga.

Jagdeo akafunga mzigo wa yaqona, akaenda peke yake kwa Sakiusa kuomba radhi. Aliketi mkekani, kichwa chini, akausogeza mzigo mbele. Sakiusa aliupokea mzigo kwa mikono miwili huku machozi yakimlengalenga.

"Nimepokea, Mzee. Wewe na mimi hatuna kinyongo. Lakini usiniletee tena kitu kilichotoka kwenye tanuri lile."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Waliokwisha kutandaza jivu lile wakaonywa wasipande muhogo wala magimbi mahali pale. Akina mama waling'oa manjano machanga huku wakinung'unika. Mzee akachukua koleo, akawa akienda shamba hadi shamba kukwangua udongo wa juu uliotiwa sumu, udongo uleule aliowasaidia kuurutubisha. Alikohoa, akapumzika, akakwangua tena. Wengine walimsaidia. Wengine walimpa kisogo.

Alipomaliza, alilibomoa tanuri kwa nyundo.

Msimu wa kuvuna ulipofika, wakulima, hata wale aliowafundisha, walirudia kiberiti. Bonde zima likawaka, moshi ukatanda. Mzee Jagdeo alikaa barazani akikohoa, na mabaki ya majani yaliyoungua yakaelea hewani, yakamtua mabegani. Hakujishughulisha kuyapangusa. Kutoka Suva hakukuja hata salamu. Wapita njia walimtazama kwa huruma, wakaambiana kwa sauti ya chini kwamba wahenga hawakukosea: moto huzaa jivu.