Nani Anachoma?

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo pakawa gani, mmekula kande baridi? Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa na mfalme mwenye tumbo mbele na hasira nyuma. Tumbo alirithi kwa baba yake. Hasira alijitafutia mwenyewe.

Hapo kale, kabla bibi yangu hajaota meno, kulikuwa na nchi mbili, Mlimani na Bondeni, na watu wake walikuwa watani. Mnamjua mtani? Mtani ni yule anayekuja msibani kwako, badala ya kulia akavaa nguo za marehemu, akaiga alivyokuwa akitembea, mpaka mfiwa akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha ndiye huyo huyo anayechimba kaburi. Anakutukana, humfanyi kitu. Anabeba kuku wako, unamsindikiza. Ukimnunia, aibu ni yako.

Sasa Mfalme Ngwale wa Mlimani akafanya karamu. Mtani mmoja wa Bondeni akaja, akachomoa paja la kuku kwenye sahani ya mfalme, akalitafuna, akasema, "Mfalme, tumbo hili likidondokea mtoni, sisi wa Bondeni tutakosa maji!"

Watu wakaangua kicheko. Babu yake Ngwale angecheka. Baba yake angecheka. Ngwale akanuna. Akanuna siku ile, akanuna kesho yake, akanuna mpaka wake zake wakahamia jikoni. Mwisho akaita jeshi.

"Nendeni Bondeni," akasema. "Chomeni ghala lao la mtama. Masika wale mawe, tuone nani ana tumbo! Na atakayekataa, atachapwa bakora uwanjani mpaka asahau jina lake."

Msicheke. Ghala lile ndilo lililokuwa uhai wa Bondeni mpaka mavuno mengine. Lingeungua, wangezikwa watoto kwanza.

Na jeshi lenyewe lilikuwa la watu kama nyinyi, watu wa jembe na mikeka. Mbele alikwenda Jemadari Lipangile, kazi yake kupaza sauti. Nyuma yake Ndembo, msuka mikeka, amebeba majani makavu. Nyuma yake Chilumba, mkulima mwenye masikio mapana, amebeba chungu cha makaa ya moto. Halafu msururu wa wengine, na mikuki yao.

Wakawa wanatembea, kila mtu na moyo wake. Jemadari akajisemea, "Mimi ni sauti tu." Ndembo akajisemea, "Mimi ni majani tu." Chilumba akajisemea, "Mimi ni chungu tu."

Hebu niambieni. Sauti, majani na chungu vikifuatana njiani vinaitwaje?

"Moto!"

Mmeona? Na nyinyi hata jeshini hamjaenda.

Wakafika Bondeni. Watu wote walikuwa wamekimbilia porini na watoto wao. Amebaki mjane mmoja, Namkulya, ameketi mlangoni pa ghala anamenya karanga. Mdomo wa mjane huyu, jamani, ulifika mbali kuliko mkuki.

"Kwenu hodi hakuna?" akasema. "Haya, watani. Mmekuja kuchoma?"

"Tumekuja kuchoma!" akanguruma Jemadari.

"Karibuni. Chomeni. Ila nani anachoma?"

"Unataka kujua ya nini?"

"Nisijue vipi? Si sisi tunaowazika? Siku yako ikifika, mtani, nitakuja kukuchimbia kaburi, na pale kaburini lazima niimbe uliyoyatenda, wafu wenu wasikie. Nikitaja jina la mtu mwingine nitakuwa mwongo. Kwa hiyo naomba jina. Nani anachoma?"

Jemadari akakohoa. "Mimi ni sauti tu. Nimetumwa. Mjumbe hauawi!"

"Mjumbe hubeba maneno. Nyinyi mmebeba moto. Nani anachoma?"

Ndembo akarudi nyuma. "Usinitazame mimi, mama. Haya ni majani tu. Hata mbuzi anakula."

"Basi kula. Nani anachoma?"

Macho yote yakamgeukia Chilumba.

"Kumbe na wewe umo!" Namkulya akasema. "Masikio yako yamezidi kukua tangu tulipomzika mama yako. Siku ile nilivaa shuka yake, nikaiga alivyokuwa akichechemea, ukacheka. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nani anachoma, Chilumba?"

"Mfalme," akajibu kwa sauti ndogo.

"Yuko wapi? Tumbo lile huwa tunaliona likiwa bado mlimani! Mimi hapa naona chungu kimoja na mikono miwili."

Chilumba akaitazama mikono yake. Akaikumbuka bakora. Sitawadanganya, aliogopa.

"Choma!" akafoka Jemadari.

"Chukua chungu, uchome wewe," Chilumba akasema. "Uimbwe wewe."

Jemadari akaficha mikono mgongoni. Akaligeukia jeshi. "Nani anachukua chungu?" Jeshi zima likapata kazi ya kutazama mawingu.

Basi Chilumba akalipita ghala, akaenda kwenye mafiga ya Namkulya, akayamwaga makaa yote pale.

"Umechelewa," mjane akamwambia. "Moto wangu umezimika tangu asubuhi." Akageuka. "Na wewe mwenye majani, unangoja mbuzi?"

Ndembo akaleta majani. Ukapikwa uji wa mtama, jeshi likanywa. Jemadari alikataa. Mdomo ulikataa, mkono ukapokea.

Wakarudi Mlimani. Mfalme Ngwale yuko uwanjani anatazama upande wa Bondeni, anatafuta moshi. Moshi hauonekani.

"Nani amekataa amri yangu?"

Na hapa, jamani, ndipo Chilumba angeweza kuponea. Angesema upepo. Angesema mvua. Akatoka mbele, jasho linamtiririka.

"Mimi. Chilumba, mwana wa Nakilinga. Makaa nimeyamwaga kwa mkono huu, na huu ulishika chungu."

"Mchapeni!"

Bakora akapewa Ndembo. Ndembo akaigeuza huku, akaigeuza huku. "Ee Mfalme, naomba kuuliza. Nani anachapa?"

"Unachapa wewe, mjinga!"

"Kama ni mimi, basi sichapi." Akailaza chini taratibu.

"Jemadari! Mchape!"

Jemadari Lipangile, tumbo limejaa uji, akainamisha kichwa. "Mtukufu Mfalme, mimi ni sauti tu. Sauti haishiki bakora."

Mfalme akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama nyuma. Mikuki ilikuwepo, watu walikuwepo, mikono haikuwepo. Ikabidi ainuke mwenyewe. Akainama kuokota bakora, tumbo likamtangulia, akasaidiwa na mlinzi wa mlango. Akamchapa Chilumba moja. Ikalia paa! Ngozi ikapasuka, damu ikatoka, na mfalme akaiona. Alikuwa ameamuru viboko maisha yake yote, hajawahi kuona kimoja kinavyotua.

Akanyanyua ya pili akiwa amefumba macho. Bakora ikamkosa Chilumba, ikapiga nguzo, ikarudi ikampiga mfalme mwenyewe gotini.

"Mama yangu!" akalia.

"Nani amempiga mfalme?" akauliza mlinzi wa mlango, maana ndiyo kazi yake kuuliza.

Mfalme akaketi chini, analisugua goti, watu wanamtazama.

"Ni mimi," akasema mwisho. "Vita viahirishwe. Goti linaniuma."

Chilumba akaishi miaka mingi na alama ile moja mgongoni. Na goti la mfalme, wajukuu zangu, mpaka leo hii halijapona.

Ngano yangu nimeitua. Ikiwa tamu, gawaneni mwende nayo. Ikiwa chungu, msiseme mliambiwa tu na watu. Semeni aliyeisema ni mimi, Bibi Somoe, kwa mdomo wangu huu huu.