Mghoi na Maneno Yaliyochelewa

Niitikieni, wajukuu zangu. Hapo kale!

Kale ya kale! Vizuri, mmeitikia, lakini polepole. Masikio yangu yamechoka kama magoti.

Hapo kale, babu wa babu yangu akiwa hajaota jino, huko juu kwenye milima ya Taita aliishi mwanamke aitwaye Wakesho. Alikuwa na binti mmoja, Mghoi. Ukimwambia lete kibuyu, analeta. Ukimwambia fukuza mbuzi, anafukuza. Lakini kusema, hasemi. Watoto wa rika lake waliimba na kugombana, yeye alisema "ba" tu. Maji ni ba, mbuzi ni ba, baba ni ba.

Basi watu wakaanza. Watu mnawajua. Huyu akasema mama alikula mayai akiwa mjamzito. Yule akasema mtoto ni mkaidi, anyimwe maji mpaka ayataje. Wakesho akajaribu.

"Sema maji." Mtoto analia.

"Sema maji!" Mtoto analia.

Mwishowe Mghoi akaacha hata ile ba yake. Akawa anashinda nyuma ya ghala, kimya.

Mama mkwe wa Wakesho, Bibi Mkawasi, akakata shauri. "Ulimi umefungwa. Mavuno yakiisha tutamwita mtu wa kisu akate kile kiutando cha chini yake."

Wakesho alikuwa amechoka, wanangu. Uchovu wa jembe ukilala unaisha. Wake haukuisha.

Siku moja akapanda kutoka mtoni, akatua mtungi, akaketi chini kando ya mtoto. Hakuwa na nguvu hata za kumwambia sema. Wakatazamana. Mghoi akamgusa shavu.

"Ma," akasema. "Ma... toka."

Mwingine angedhani anafukuzwa. Wakesho akaelewa. Hakupiga kelele, hakumwambia arudie. Akamjibu taratibu, "Ndiyo, mwanangu. Mama amechoka. Mama amechoka sana."

Kisha akaenda kwa mama mkwe. "Mama, kisu hakitaingia kinywani mwa mwanangu. Maneno yamo. Sisi ndio tuliokuwa tukimtisha."

"Na yasipotoka?"

"Nitangoja."

Akangoja kweli, na kungoja ni kazi. Akitwanga anasema, "Natwanga." Akimpa maji anasema, "Maji," na anampa, ataje asitaje. Neno likija limevunjika, anamrudishia zima, bila kumcheka. Msidhani mtoto aliamka asubuhi moja akiwa msemaji. Sivyo. Ilichukua miaka, na hata hivyo alisema kwa kukwama, na maneno mengine hayakunyooka kamwe.

Mghoi akawa mwari. Akaletewa mchumba. Wazee wakamuuliza, "Mghoi, unamtaka huyu?"

Akafungua kinywa. Neno likakwama. Baba yake mdogo akadakia, "Amekubali, anaona haya tu."

"Nyamaza wewe!" Alikuwa Bibi Mkawasi, mkongwe sasa, macho hayaoni tena. "Mwacheni. Atasema mwenyewe."

Wakangoja. Mmoja akakohoa. Wakangoja.

"Si... si... sitaki."

Na hakuolewa na yule.

Kwa hiyo, ukiwa na ndugu ambaye maneno yake yanachelewa, usimcheke, usimnyime, wala usimsemee. Mngoje. Utachoka, najua. Mngoje hivyo hivyo.

Kisa kimefika kwao, na pumzi yangu nayo imefika mwisho. Aliyesinzia afunikwe, aliye macho aniinue.