Nyongeza ya Digidigi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Mwenye duka?"
"Afungue!"

Haya, sogeeni. Na wewe acha kucheka, hujasikia bado.

Tembo na Nyati walipigana vita, wakigombea dimbwi. Di! Di! Di! Maduka yote yakafungwa. Nguchiro, muuza chumvi, hakufunga. Chumvi imembakia kiduchu, watoto wanalia njaa, na wateja hana ila shoga yake Digidigi, aliyezoea kuja kila asubuhi na kelele zake: "Nyongeza, shoga! Nyongeza!" Nguchiro humjibu, "Kesho."

Siku hiyo Nguchiro alijaza magunia mchanga mweupe, juu akatandaza chumvi. Akafagia mlango, faa! faa! Akaimba: "Biashara inakuja! Vita haviji huku!"

Fisi, tajiri wa mahindi, akasimama. "Unaimba nini na watu wanahama?"

"Mzee Fisi, vita vinakwisha! Watu watarudi wote, na mwenye chumvi ni mimi peke yangu."

Fisi akaonja ya juu, kama wanunuzi wa chumvi wanavyoonja siku zote. Nywa! Udenda ukamtoka.

Mara akatokea Digidigi, mzigo kichwani, anahama. "Shoga, ni kweli vita haviji?"

Fisi katega masikio. Jamani, Nguchiro angesema nini?

"Kweli, shoga. Rudi nyumbani."

Digidigi akarudi, akafungua mzigo wake.

"Nipe magunia yote!" Fisi akanguruma.

"Labda kwa mahindi yako yote. Na unibebee mpaka ng'ambo ya mto."

Fisi akayabeba mahindi mwenyewe, heme! heme! gunia kwa gunia. Jioni Nguchiro akavuka na wanawe. Alisema moyoni atarudi kumwambia shoga yake ukweli. Lakini watoto walitaka uji, akapika, wakashiba, wakalala.

Alfajiri vita vikapita kijijini. Di! Di! Di! Fisi alitoroka na mchanga wake mgongoni, na mpaka leo anauramba akisema chumvi hii imepoa.

Amani iliporudi Nguchiro alifungua duka. Chumvi tele, wateja tele. Digidigi hakuonekana tena. Kila asubuhi Nguchiro humpimia kibaba chake, humwongezea nyongeza, nyongeza kubwa, akakiweka mlangoni. Jua likizama hukirudisha ndani, analia. "Laiti ningemnong'oneza tu!"

Mafunzo? Wenye maduka, vita vikija imbeni kwa furaha, haumii mtu. Hadithi nimeitia komeo. Asiyeamini akamwulize Digidigi.