Puto Lililogoma Kupaa

"Puto halikatai zawadi, hukataa kupaa."

Maneno hayo utayasikia sana Upareni, kwenye vijiji vya juu wanakolima tangawizi. Siku moja vijana wa kwaya walikuwa wanatunga wimbo wa harusi. Kila mmoja alitaka ubeti wake uingie: ubeti wa shangazi wa bibi harusi, ubeti wa wapishi, hata ubeti wa dereva aliyeleta viti. Wimbo ukawa mrefu kuliko ibada yenyewe. Bibi Nakijwa, aliyekuwa akimenya ndizi karibu yao, akawatupia methali hiyo bila kuinua kichwa.

Vijana wakacheka. Kisha mmoja akauliza, "Puto gani hilo, Bibi? Na zawadi hizo zilitoka kwa nani?"

Bibi akaweka kisu chini, akajifuta utomvu mikononi. "Sogeeni basi. Msemo huo haukuokotwa njiani. Ulizaliwa hapa hapa kijijini, na mimi nilikuwepo." Akawasimulia hivi.

Walikuwepo marafiki watatu. Wa kwanza ni Elinami, fundi redio, ambaye mdomo wake ulifanya kazi hata mikono ikipumzika. Wa pili ni Mbonea, aliyekuwa akipamba kumbi za harusi Same mjini, mtu wa maua ya karatasi na maputo. Wa tatu alikuwa Namsifu, fundi wa kushona. Namsifu aliachia shule darasa la tano, na alikuwa na haya, haya za kweli. Ukimsalimia barabarani, jibu lilitokea ndani ya kanga.

Watatu hao walipewa ghala la zamani la kahawa, mali ya chama cha ushirika. Elinami aliweka meza yake dirishani, Namsifu akaweka cherehani yake pembeni, na Mbonea akalundika mapambo yake kila mahali palipobaki. Humo ndani Namsifu alikuwa mtu mwingine. Alicheka, alitania, hata kuimba aliimba. Akitoka nje tu, sauti ilibaki mlangoni kama viatu.

Mwaka huo tangawizi ilikubali kuliko kawaida. Mwenyekiti wa chama, Mzee Kadeghe, akaja na fimbo yake kudai ghala.

"Magunia yanalala nje, wanangu. Tokeni."

Elinami, badala ya kuomba, akajisifu. "Mzee, tupe mpaka sikukuu ya mavuno. Tutarusha puto refu kama gari moshi, linaongozwa kwa rimoti. Litapaa, litalizunguka ghala lote, na litarudi hapo miguuni pako."

Mzee Kadeghe alipenda maajabu, ingawa hakupenda ijulikane. Akakohoa. "Likizunguka, ghala lenu. Likishindwa, jioni hiyo hiyo magunia yanaingia."

Elinami na Mbonea walicheka na kupeana mikono. Namsifu hakucheka. Nyumbani kwao cherehani haikuwa na pa kukaa, na mama yake alikwisha kumwambia: ukikosa pa kushonea, utakwenda Moshi kwa mama yako mdogo, ukamlelee watoto na kumfulia. Kwa hiyo puto lile, kwa wenzake lilikuwa mchezo. Kwake lilikuwa ndilo linaloshikilia maisha yake.

Wakaanza kazi. Mbonea alileta mtungi wa gesi ile ya kujazia maputo ya harusi, isiyoshika moto. Elinami alibomoa feni mbili ndogo za betri akapata mota na mapanga yake, na rimoti akaitoa kwenye gari bovu la mtoto. Namsifu ndiye aliyetengeneza mwili. Alichukua nailoni nyembamba inayofungiwa magodoro, akaikata vipande virefu, akaviunganisha kwa pasi ya mkaa juu ya karatasi ya gazeti. Pasi ikizidi moto, nailoni inatoboka. Ikipoa, haishiki. Alilamba kidole, akagusa chuma, akasikiliza kinavyolia, na hapo akajua.

Walipolijaza gesi, likanona kama ndizi mzuzu. Wakaliita hivyo hivyo, Mzuzu. Wakalijaribu humo humo ghalani, mlango mkubwa wa magunia umefungwa. Likanyanyuka polepole, likageuka, likapita juu ya cherehani. Paka wa ghala akalitazama mara moja tu, akatoka dirishani, na hakuonekana mpaka kesho yake.

Lililobaki ni uwanja. Mbele ya ghala palikuwa na vichaka vya miiba, na mwiba mmoja ungetosha kummaliza Mzuzu. Wakaomba msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe ikapigwa, watu wakaja na majembe. Na msaragambo wa kijiji chetu mnaujua: haji mtu mikono mitupu, na kilicholetwa hakirudishwi. Kukirudisha ni kumwambia mtu hadharani kwamba hakuhitajika.

Miiba iling'olewa ikaisha. Ndipo zawadi zikaanza.

Mke wa mchungaji alileta kitambaa alichofuma mwenyewe. "Mzuzu asipae uchi, jamani." Mwalimu wa madrasa akaleta nyota ya bati iliyong'arishwa. Seremala akachonga kiti kidogo cha mninga. Walipomuuliza cha nani, akajibu, "Cha dereva." Wakamwambia halina dereva. Akasema, "Mtamkosesha dereva kwa kukosa kiti?" Kijana mmoja akafunga bendera ya Simba, na kabla hajakaza fundo, mwingine akaleta ya Yanga, kubwa zaidi. Kwaya wakaleta kengele. Mwisho akaja Mzee Kadeghe mwenyewe na ubao uliochongwa jina la chama, akauweka mikononi mwa Namsifu.

"Huu ukae chini ya tumbo lake, watu wausome."

Namsifu aliupima uzito kwa mkono. Akajua. Lakini haya zikamziba, naye akaushona mahali pake, kama alivyoshona vyote.

Sikukuu ikafika. Asubuhi ilikuwa tulivu, lakini kila mtu alijua kwamba jua likikolea, upepo wa tambarare hupanda mlimani. Mzuzu akatolewa amepambwa kama bwana harusi. Elinami akabonyeza rimoti. Mapanga yakalia. Mzuzu akatikisika, kengele ikalia, kisha akatulia chini kama kuku anayeatamia.

"Ameshiba!" mtu akapiga kelele. Uwanja mzima ukacheka.

"Nguvu haitoshi," Elinami akasema, akaongeza betri. Mzuzu akazidi kukaa.

"Gesi," Mbonea akasema. Akaendea mtungi, akafungua, ukatoa pumzi moja ya mwisho na kunyamaza.

Migomba ya bondeni ikaanza kutikisa majani. Mzee Kadeghe akatazama magunia, kisha akatazama mlango wa ghala. Namsifu aliyaona macho yale. Aliiona pia Moshi, na beseni la nguo zisizo zake.

Akatoka kati ya wanawake, akapiga magoti kando ya Mzuzu na mkasi mkononi. Watu wakasogea. Je, atakata zawadi za watu mbele za watu?

Alikata uzi wa kitambaa. Lakini hakukiweka chini. Alikwenda nacho mpaka kwa mke wa mchungaji, akampa kwa mikono miwili.

"Mama, naomba unishikie."

"Umekirudisha, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Ni cha Mzuzu bado. Nishikie tu, anaenda safari."

Mama yule akamtazama, akatabasamu, akakishika. Nyota ikafuata, kengele ikafuata, kiti kikafuata. "Nimshikie dereva na kiti chake?" seremala akauliza, na kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Simba na Yanga wakasimama bega kwa bega na bendera zao. Mzuzu akaanza kuinua pua. Tumbo lilibaki chini.

Ulibaki ubao.

Namsifu akasimama mbele ya Mwenyekiti. Akaikaza kanga yake, ingawa upepo ulikuwa bado haujafika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Na mimi nishike?"

"Naomba, Baba."

"Wangu pia haufai?"

"Unafaa sana." Sauti ilikuwa ndogo, lakini uwanja wote uliisikia. "Baba, puto halikatai zawadi. Hukataa kupaa tu."

Mzee Kadeghe aliutazama ubao wake. Kisha mabega yake yakaanza kucheza, kicheko kikamtoka mpaka fimbo ikaanguka. "Kata, binti! Kata uzi huo kabla upepo haujafika!"

Mkasi ukalia. Mzuzu akaondoka ardhini kama mtu aliyekumbuka jambo. Elinami alishika rimoti kwa mikono miwili. Akaliongoza juu ya kona ya kwanza ya ghala, na watu wakalifuata chini wakikimbia, kila mmoja ameinua zawadi yake juu: kitambaa, nyota, kiti, kengele ikilia, na Mwenyekiti na ubao wake kichwani. Likapita nyuma, likatokea upande wa pili, likashuka. Liligusa ardhi miguuni pa Mzee Kadeghe, na hapo hapo upepo ukapita, ukavua kofia za watu.

Magunia yalijengewa banda lao. Ubao wa Mwenyekiti uligongomelewa juu ya mlango wa ghala, na upo mpaka leo. Namsifu hakwenda Moshi. Sare za kwaya mlizovaa Pasaka, mlidhani zilishonwa wapi?

Bibi Nakijwa akachukua kisu chake na ndizi nyingine. Vijana wakatazamana, kisha wakautazama wimbo wao.

"Basi," akasema aliyetunga ubeti wa dereva wa viti, "ubeti wangu nitaushika mwenyewe. Nitauimba nikiwa napanga viti."

"Na mimi wa wapishi, jikoni," akasema mwingine.

Wimbo ukabaki na beti tatu. Wakaujaribu, na safari hii ukapanda.

"Mnaona?" Bibi akasema. "Puto halikatai zawadi, hukataa kupaa."